Eya Klina ya Kuosha na Mafuta Yake

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la sita, na hata hilo la sita sikulimaliza, maana wiki ya mitihani nilikuwa Malaba nimembeba mama mmoja na gunia lake la dagaa kwenye keria ya baiskeli, tunavuka mpaka. Leo nina magari matatu, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitano, na kisima ambacho jirani anachota bila kuniuliza. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Hilo neno boda boda ambalo watu wa Nairobi wanalitamka siku hizi kama ni lao, lilizaliwa huku kwetu, kati ya geti la Kenya na geti la Uganda, na mimi ni mmoja wa wale waliolikanyagia pedali. Wenzangu wengi wa wakati ule walichoka. Mimi sichoki. Nikikaa dakika kumi mahali pamoja mwili unaniwasha. Mke wangu husema nilizaliwa juu ya siafu.

Nimetanguliza hayo ili mjue anayewaambia habari ya eya klina ni mtu wa aina gani. Eya klina ni lile chujio la hewa linalokaa ndani ya sanduku jeusi chini ya boneti. Injini inavuta hewa kama wewe unavyovuta, na hewa ya kwetu mnaijua. Kiangazi kikiingia, ukiacha lami ukaingia njia za ndani za Busibwabo, vumbi jekundu linakufuata kama mbwa wa nyumbani. Madereva wengi hawafungui lile sanduku mpaka gari likohoe. Mimi nilikuwa nafungua kila Jumapili nikitoka kanisani, shati jeupe bado mwilini, na mtaa mzima unajua.

Miaka yote nilitumia zile za karatasi. Unaweka, inajaa, unaipeleka kwa kompresa pale wanapojaza magurudumu upepo, unapuliza, unarudisha. Ukipuliza kwa nguvu vumbi linaruka kama moshi wa kuni mbichi, na wewe unajiona umefanya kazi. Siku moja nikaiinua moja juu nikaitazama mbele ya jua. Nikaona matundu madogo madogo, kama mtu ameidunga na sindano. Ule upepo wa kompresa ndio ulioitoboa. Kila nilipopita karibu na gari nilisikia kama injini inatafuna mchanga, hata ikiwa imezimwa.

Nikaamua kutafuta ile ya kuosha. Nilikuwa nimewasikia madereva wa malori pale Malaba wakiibishania. Wale watu foleni ya mpaka ikiwakalisha siku mbili wanakuwa na maoni juu ya kila kitu. Mmoja anaapa kwamba ya kuosha inapitisha vumbi, mwingine anaapa kwamba yake imezunguka mpaka Kigali na kurudi miaka mitano na injini haijafunguliwa. Nikawaacha hapo na chai yao. Mimi nikitaka kujua kitu naenda kukishika.

Kuna mama mmoja wa ng'ambo, Mganda, ana duka la spea upande wetu wa Malaba, nyuma ya pale malori yanapojipanga. Duka dogo, lakini ukitaja kitu anakitoa bila kutafuta. Nilimwendea na eya klina yangu ya zamani mkononi, na hilo ni la kwanza ninalowaambia: usinunue kwa jina la gari. Gari la jina moja linaweza kuwa na masanduku ya aina tatu. Nenda na ile ya zamani, uilaze juu ya mpya, pembe kwa pembe.

Akaniwekea tatu kwenye kaunta.

"Hii ya sponji, hii ya pamba. Na hii pia ya pamba, lakini raba yake mbaya. Nakuonyesha tu usije kusema sikukuonyesha."

"Mama, mimi si mtu wa kudanganywa."

"Ssebo, bwana wangu, ningetaka kukudanganya ningekupa hii mbaya nikanyamaza."

Nilizikagua mpaka wateja wawili wakaja wakaenda. Ile ya sponji nilikataa kwa sababu gari langu ni steshen wagoni, sanduku lake ni bapa, na sponji ile ilikuwa inalegea katikati. Ya pamba yenye raba mbaya nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikabaki na shimo la kidole. Raba ikishabonyea haitarudi, na mahali isipobana ndipo hewa chafu itapita, hata kama pamba yenyewe ni ya ajabu namna gani. Ile ya tatu nikaigeuza mbele ya mlango. Pamba imelazwa kwa mikunjo, imeshikwa na wavu wa waya pande zote mbili, mikunjo imenyooka, hakuna uzi umekatika. Nikaiweka juu ya ile ya zamani. Zikalingana kama sahani mbili. Wapo watu wanaonunua ya kukaribia kutosha halafu wanaisukumia kwa ngumi. Mimi siwezi.

"Hii," nikasema.

"Umechagua kama fundi," akaniambia, na ni kweli. Halafu akanyoosha mkono akatoa chupa ndogo kwenye rafu, ndani yake maji mekundu. "Na mafuta yake?"

"Mafuta yake?"

"Ukiosha, ikikauka, unaipaka mafuta yake. Kidogo. Ndiyo yanashika vumbi."

Nikaiangalia ile chupa. Ilikuwa ndogo kama ya marashi. Nikajua huyu sasa ameanza biashara. "Mafuta yake ninayo," nikamwambia. "Nina debe zima nyumbani."

"Debe?"

"Debe."

"Basi wewe ni tajiri, ssebo," akasema, akairudisha chupa kwenye rafu.

Sasa ninyi mliosoma niambieni. Mtu akisema mafuta yake, ni ya nani? Petroli ni mafuta. Dizeli ni mafuta. Ya kukaangia samaki ni mafuta, ya kujipaka ukitoka kuoga ni mafuta, hata yale mchungaji anayowapaka wagonjwa kwenye paji la uso ni mafuta. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye duka la spea, nanunua kitu cha injini. Nikasikia mafuta yake, nikaelewa ya injini. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Niliifutia mikono.

Ile eya klina ilitoka dukani imeshapakwa tayari, na miezi ya kwanza nilitamba nayo. Gari likavuta vizuri, na mimi nikawaambia watu wote. Zile za karatasi nilizokuwa nazo nikazichoma pamoja na majani ya uani, hata moja ambayo ilikuwa mpya. Nilitaka kila mtu aone kwamba nimemalizana nazo.

Ikafika siku ya kuiosha. Nilifanya vizuri mpaka nusu, na ile nusu bado ninaisimamia. Kwanza niliikung'uta polepole. Nikachanganya sabuni ya maji kidogo kwenye beseni, nikailoweka bila kuisugua kwa brashi. Nikamimina maji kwa birika kutoka upande ule safi, ule unaotazama injini, ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia. Ukimimina kutoka upande mchafu unausukuma ndani zaidi. Sikuipeleka kwa kompresa, maana nilikwisha kujifunza, na sikuianika juani wala juu ya jiko. Niliisimamisha kivulini mpaka kesho yake. Yote hayo nilijifikiria mwenyewe.

Halafu nikafungua debe la oili ya injini, nikaimimina kama mtu anayekaanga mandazi. Nilisema kidogo ya nini wakati ninayo? Mikunjo ikajaa, ikameremeta. Nikairudisha kwenye sanduku ikiwa bado inadondosha.

Siku ya pili gari likaanza kuhangaika. Ukilisimamisha bila kuzima, mlio unapanda wenyewe, unashuka, unapanda tena, kama mtu anayetembea ndani ya chumba bila kujua anatafuta nini. Kwenye mlima linavuta kamasi kama mtoto mwenye mafua, halina nguvu. Nyuma linatoa moshi mweusi. Nikasema ni petroli mbaya, nikahama kituo. Nikasema ni plagi. Nikasema ni pampu. Nilikuwa nafungua boneti mara nne kwa siku, nashika hiki nakaza kile, na kila nikifunga nasema sasa imepona.

Nikaenda kwa fundi wangu mjini Busia, gereji yake iko nyuma ya msikiti. Baba yake alikuwa dereva wa malori, na yeye amelala chini ya magari tangu utoto. Akasikiliza injini huku ameinamisha kichwa.

"Mkubwa, umegusa nini hivi karibuni?"

"Mimi? Hakuna."

"Nifungue hapa kwa eya klina nione?"

"Hapo usiguse. Hapo ni mikono yangu mwenyewe."

"Wallahi, mkubwa, mimi hapo ndipo ningeanzia."

"Anzia kwa plagi."

Akaanzia kwa plagi. Alipomaliza, gari likawa vilevile, na mimi nikamwambia mbele ya watu kwamba ufundi wake umezeeka. Alifuta spana zake moja moja akazirudisha kwenye boksi.

Ndipo vifaranga wakaingia.

Mke wangu ni mzaliwa wa upande wa Sigalame, na kule kwao ana kikundi cha akina mama ishirini wanaofuga kuku, yeye akiwa mmoja wao na mwenyekiti wao. Mwaka huo walikuwa wamewahi kuagiza vifaranga mara moja, wakapakiwa juu ya basi, na walipofika boksi zilikuwa kimya. Unajua boksi la vifaranga likiwa kimya maana yake nini. Kikundi kilikaribia kuvunjika. Wengine walisema warudi kwa kuku wa kienyeji wa mama zao. Mke wangu akasimama katikati yao akasema, "Mara hii nitawaleta mwenyewe, mkononi." Wakamwamini. Vifaranga mia nane wa siku moja, arobaini kwa kila mama, watoke Eldoret na gari la asubuhi mpaka Malaba, na sisi tuwapokee hapo.

Siku mbili kabla, yale magari yangu mengine mawili yakiwa kazini mbali, aliniuliza kama tutafute gari lingine.

"Gari gani lingine?"

"Lolote lisilokohoa."

"Mama watoto, gari hili limekwenda Budalang'i wakati wa mafuriko likarudi. Utanitafutia gari mimi?"

"Sijakutafutia wewe. Nimewatafutia vifaranga."

"Litafika."

Akageuka akaendelea na kazi yake, nami nikatamani angepiga kelele.

Asubuhi hiyo tulikuwa Malaba mapema. Boksi nane zikashushwa, zina matundu pembeni, na kila tundu lina mdomo mdogo wa njano unaochungulia. Kelele zao! Mia nane wanalia pamoja, sauti moja nyembamba isiyokatika, inaingia kwenye meno. Mke wangu alikagua kila boksi akapanga mwenyewe, akaacha nafasi katikati ili hewa ipite, akafungua madirisha kwa kipimo. "Njaa haiwaui," akaniambia, "bado wana kiini cha yai tumboni. Kinachowaua ni joto na kukosa hewa. Gari lisisimame juani. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mpaka Busia tulikwenda tukisukumwa na matumaini. Matayos gari likaanza kuvuta kamasi. Baada ya Funyula, tulipoacha lami kuelekea Sigalame, jua lilikuwa limepanda juu ya vile vilima, na pale kwenye mpando wa kwanza wa mawe mawe mguu wangu ulikuwa umekanyaga mpaka chini na gari linatembea kama mtu aliyebeba kitanda. Likakohoa mara tatu. Likazima.

Nikaliwasha. Likawaka, likapanda, likashuka, likazima. Nikaliwasha tena. Nikatoka nikafungua boneti, nikashika plagi, nikashika waya wa betri, nikafunga boneti, nikaingia, nikawasha, nikatoka. Hakuna mti karibu. Upepo uliokuwa unaingia gari likitembea ulikuwa umekatika, na ile sauti ya nyuma ilianza kubadilika. Ilikuwa inapungua.

Mke wangu alifungua boksi moja. Vifaranga walikuwa wamekaa midomo wazi, wanahema, mabawa wameyaachanisha na mwili. Akavua leso yake akaanza kuwapepea, boksi hili, boksi lile, anazunguka.

Pikipiki moja ikapita, dereva akapunguza. "Mama, nibebe?"

"Unaweza boksi ngapi?"

"Mbili. Tatu nikifunga vizuri."

"Funga mbili," akasema, naye anazitoa tayari. Pikipiki ikaondoka nazo polepole, na yeye akanigeukia. "Mpigie yule fundi."

"Nitalipata, ngoja nione hii—"

"Baba watoto. Unampigia wewe au nampigia mimi?"

Nikampigia. Nilidhani hatashika. Akashika mlio wa pili.

"Mkubwa."

"Gari limesimama. Nina vifaranga mia nane wanakufa."

"Sasa niambie ukweli. Umegusa nini?"

Nikatazama mawe ya barabarani. "Eya klina. Niliosha."

"Ukapaka mafuta?"

"Mafuta yake."

"Ya nani?"

"Yake. Ya injini."

Halafu nikasikia anamwambia mtu pale gereji, "Amepaka oili ya injini," na huyo mtu akapiga mluzi. "Mkubwa, mafuta yake ni yake yeye eya klina. Ni mepesi, yana chupa yake ndogo. Ile oili yako imevutwa mpaka kwenye sensa ya hewa, kale kawaya kembamba kanakopima hewa inayoingia. Kameshapakwa. Sasa hakajui injini inavuta hewa kiasi gani, kanadanganya, na petroli inamwagika ovyo. Na pamba yenyewe umeiziba kwa oili. Kilomita ngapi zimebaki?"

"Nne. Tano."

"Marram? Hakuna lami?"

"Marram tupu."

"Toa eya klina uweke kando. Una ya karatasi?"

"Nilizichoma."

"Zote?"

"Zote."

Akavuta pumzi. "Basi endesha bila kitu. Na hapo juu ya sanduku kuna soketi ya sensa, ichomoe. Taa ya injini itawaka kwenye dashi, iache iwake. Gari litaacha kumsikiliza huyo mwongo, litakisia lenyewe. Halitakimbia, lakini litafika."

"Bila kitu? Na hili vumbi lote liingie ndani?"

"Injini au vifaranga, mkubwa. Mimi siko hapo."

Mke wangu alikuwa amesikia. "Chomoa," akasema.

Nawaambia ukweli, mkono ulikataa mara ya kwanza. Mimi niliyefungua lile sanduku kila Jumapili ili punje moja isipite. Nikainua mfuniko, nikatoa ile pamba, ikanidondoshea oili kwenye suruali. Nikachomoa soketi. Nikafunga sanduku likiwa tupu. Nikawasha, na taa ya rangi ya chungwa ikawaka, na gari likatulia, vuuu, mlio mmoja tu. Wiki mbili sijausikia mlio kama huo.

Tukapanda. Juu ya kilima mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga linakwenda mwendo wa mbuzi, na nyuma yake wingu jekundu. Nikaachia nafasi. Vumbi lile ndilo lililokuwa linakwenda moja kwa moja kwenye mitungi ya injini yangu, bila mlinzi.

"Mpite," akasema mke wangu.

"Ngoja vumbi litulie."

"Hawa hawana kungoja. Mpite!"

Nikaingia ndani ya wingu. Sikuona kitu isipokuwa ubavu wa lori. Mchanga ulikuwa kwenye meno yangu, na nilijua nilichokuwa nacho kwenye meno ndicho ilichokuwa nacho injini. Nikapiga honi, nikakanyaga, tukapita. Yeye nyuma anapepea boksi zilizobaki, anaongea nao Kisamia, lugha ya kwao, kama anaongea na watoto wenye homa.

Akina mama walikuwa wamesimama barabarani. Zile boksi mbili za pikipiki zilikuwa zimefika, majiko ya makaa yamewashwa ndani ya banda, duara la karatasi ngumu limezungushwa, maji yamepangwa. Hakuna aliyetusalimu. Kila mmoja alichukua boksi akaingia mbio. Mimi nikabaki na gari, nalizunguka, nafungua boneti nafunga. Ndani nilisikia wanahesabu.

Waliokufa walikuwa arobaini na mmoja. Walilazwa kwenye kipande cha gunia kando ya mlango. Mama mmoja, mkubwa kuliko wote, akauliza kile ambacho kila mtu alikuwa anakiwaza.

"Sasa fungu la nani hilo limekufa?"

"La kwangu," akasema mke wangu. Hakuchukua hata muda wa kufikiri. "Hao arobaini ni wangu. Ninyi wote mtapata wenu. Na mwenye kupungukiwa mmoja nitamtolea jogoo nyumbani."

"Mwenyekiti, si ni gari tu—"

"Nilisema nitawaleta mkononi."

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilitaka kusema ni mimi. Nimesema maneno mengi maishani mwangu, kwenye mageti, kwenye soko, mbele ya maaskari wa mpaka, na hayo mawili yalikataa kutoka mpaka yule mama mkubwa aliponigeukia akanikagua, kuanzia suruali yenye oili mpaka uso mwekundu wa vumbi.

"Na wewe, shemeji, umesimama tu? Ingia utusaidie kuwanywesha."

"Ni mimi niliyeharibu gari," nikasema. "Nilipaka mafuta yasiyo yake."

Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema, "Ulipaka ya kupikia?" na wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu, na hata mke wangu akageuza uso kando, mabega yakamtikisika.

"Kanawe kwanza," akaniambia. "Usiwaguse na hiyo mikono."

Nilinawa mara tatu kwa sabuni. Kumnywesha kifaranga wa siku moja, unamshika ndani ya kiganja, unachovya ncha ya mdomo kwenye maji, unamwinua. Akimeza, amejua maji ni nini, hutamfundisha tena. Halafu unachukua mwingine. Walikuwa zaidi ya mia saba na hamsini. Ukiwa na haraka unawazamisha pua, nilimzamisha mmoja akapiga chafya, na mama aliyekuwa kando yangu akanipiga kofi mkononi. Mgongo uliniuma. Miguu ilitaka kwenda kuona gari. Nikachovya, nikainua, nikachovya.

Fundi alinitengenezea ile sensa siku tatu baadaye. Aliipuliza kwa dawa yake maalum ya kunyunyiza, bila kuigusa hata kwa kidole, akafuta oili kwenye bomba lote. Injini haikufa, lakini tangu siku hiyo inakula oili kidogo. Sisemi ni lile vumbi, na sisemi si lile vumbi. Mimi nikarudi Malaba nikanunua ile chupa ndogo. Yule mama aliiweka tu juu ya kaunta akaikalisha sawasawa, kama mtu anayekaribisha mgeni. Sasa najua: ikikauka kabisa, unapitisha mstari mmoja mwembamba juu ya kila mkunjo, halafu unaiacha kama dakika ishirini rangi isambae yenyewe. Palipobaki peupe unagusa tena. Ikidondosha, umezidisha, uioshe upya. Kungoja zile dakika ishirini ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na sasa nina ya karatasi mpya kwenye buti, endapo itahitajika.

Vifaranga wa mwezi uliofuata mke wangu alipanga bila kuniuliza. Alimpigia fundi mwenyewe. Fundi ana pikapu kuukuu yenye turubai nyuma, imepigwa rangi kwa brashi, mimi nisingeipeleka hata sokoni.

"Gari langu sasa ni zima," nikamwambia mke wangu.

"Najua."

"Basi nitaendesha mimi hiyo pikapu."

"Ataendesha mwenyewe. Wewe utakaa nyuma ushike boksi zisicheze."

Nilikaa nyuma. Mimi, mwenye magari matatu, nimekunja magoti chini ya turubai na boksi mbili mapajani, kutoka Malaba, na mke wangu mbele anatazama barabara. Nikavumilia mpaka tulipopita Alupe. Nikagonga kile kidirisha cha nyuma.

"Fundi! Hii eya klina yako mara ya mwisho umeiosha lini?"

Hakugeuka. "Mkubwa, nyamaza. Vifaranga wamelala."

Nikanyamaza. Mpaka Matayos.